Talaka ameshakupa, nyumba na watoto je?

Dada yangu alirudi nyumbani Makorora, hapa Tanga mjini, saa mbili usiku, bodaboda imebeba mabegi mawili na mtoto mdogo kapakatwa katikati, na kwenye pochi ana karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari, imeandikwa kwa peni ya bluu kwamba mimi fulani bin fulani nimemuacha mke wangu talaka moja, chini kuna sahihi na mashahidi wawili. Ndoa ya miaka 11. Watoto watatu, wale wakubwa wawili wamebaki kwa baba yao Mikanjuni, na nyumba ya vyumba vinne ambayo msingi wake aliumwagilia yeye mwenyewe kwa ndoo akiwa na mimba ya mtoto wa pili.

Usiku ule ule akapewa ushauri wa aina tatu. Mjomba akasema karatasi imeshatoka, akae eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, ikiisha na mambo yameisha. Jirani akasema kesho asubuhi aende mahakamani moja kwa moja asipoteze muda. Shangazi, na huyu alisema kwa huruma kabisa, akasema mwanangu mali ya mume ni ya mume, we omba watoto tu, na huyo wa kiume akitimiza miaka 7 baba yake atamchukua maana ndo sheria. Wote watatu wanampenda, na wote watatu walikosea, na makosa yao yalimla dada yangu karibu miaka miwili. Mi si wakili. Baada ya lile sekeseke nilienda kusomea usaidizi wa kisheria, na tangu hapo nimekaa na wanawake na wanaume wengi tu wa Ngamiani, Mabawa, Duga, mpaka Pongwe huko, na naona watu wanaumia palepale alipoumia dada yangu, ndo maana nayaandika haya kwa lugha yetu ya kawaida.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba ndoa ikivunjika kuna mambo manne na kila moja lina njia yake: ndoa yenyewe, watoto wakae na nani, mali, na matunzo. Sisi tunayafunga furushi moja tunalibeba kichwani tukidhani likitua moja yametua yote. Mtu anapewa talaka anadhani na mali imeshaamuliwa, au anapewa watoto anaona aibu kudai nyumba, au baba anaambiwa watoto wakae kwa mama yao basi na yeye anaacha kutoa hela ya chakula kama vile wamekuwa watoto wa mtu mwingine. Hapana, kila kitu kina hukumu yake.

Sasa tuanze na hiyo karatasi. Tanzania bara tunayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na ni moja kwa wote, uwe umefunga msikitini, kanisani, kimila au bomani kwa mkuu wa wilaya. Hiyo sheria inasema mahakama ndo inayotoa talaka, na inatoa ikiridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Talaka ya mume kwa njia ya Kiislamu haikutupwa, sheria inaitambua, ila kwa utaratibu: ndoa iwe ilifungwa Kiislamu, baraza la usuluhishi liwe limejaribu kuwapatanisha likashindwa na kuthibitisha hivyo, na baada ya hapo mmoja wao awe amefanya kitendo ambacho kidini kinavunja ndoa, kama hiyo talaka. Yakitimia hayo mahakama inatoa amri. Kwahiyo ile karatasi ya daftari kidini ina uzito wake na hayo mambo ya eda na kurejeana muulize sheikh wako (na sheikh mwenyewe atakwambia mwanamke wa talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia, hatolewi na mabegi usiku, anakaa eda palepale kwa mumewe), lakini kwa serikali karatasi hiyo peke yake haijamaliza ndoa na haijagawa hata kijiko. Mjomba alikosea hapo.

Na wenzetu wa kanisani vilevile, kutengana kwa barua ya paroko au mchungaji hakugawi mali, mpaka mahakama.

Jirani nae alikosea wapi? Kwenye kwenda moja kwa moja. Huwezi kufungua shauri la talaka bila kupita kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na hapa naomba usome taratibu maana ndo panapoua kesi nyingi kuliko pengine popote. Baraza lipo kila kata, na taasisi za dini nazo zinaweza kuwa na mabaraza yanayotambulika kisheria. Linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wasiozidi watano. Mnaitwa wote wawili, mnasikilizwa, mnajaribiwa kupatanishwa, na wakishindwa wanatoa hati inayosema tumeshindwa kuwapatanisha, kuna fomu yake maalumu, watu wanaiita Fomu Namba 3. Hati hiyo ndo inaambatana na maombi yako mahakamani, na isiwe imezidi miezi 6 tangu itolewe mpaka siku unayofungua shauri.

Dada yangu alienda na barua. Barua nzuri tu, ina muhuri, imeandikwa na wazee wa karibu na kwao kwamba tumewashauri na wamekataa kupatana. Mahakama ya mwanzo ikampokea, kesi ikasikilizwa, akashinda, tukapika pilau. Mwanaume akakata rufaa, na huko juu hawakufika hata kwenye kuzungumzia nyumba, wakauliza hati ya baraza iko wapi, wakaonyeshwa ile barua, wakasema hii sio hati inayotakiwa, shauri lililetwa kabla ya wakati wake, kila kitu kilichoamuliwa kimefutwa, aanze upya. Alilia kwenye daladala kuanzia mjini mpaka Makorora. Kwahiyo ukipewa karatasi na baraza isome hapohapo kabla hujaondoka, uliza hii ndo hati ya kushindwa kusuluhisha au ni barua tu ya kunisindikiza, angalia tarehe, angalia majina ya wote wawili, angalia imesainiwa na mwenyekiti. Toa na kopi mbili tatu uweke kwa mtu unayemuamini.

Kuna wanaosamehewa kupita baraza. Kama mwenzio amekutelekeza na hujui alipo, kama yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, kama aliitwa na baraza akakataa kwa makusudi kwenda, kama amefungwa maisha au miaka 5 na kuendelea, kama ana ugonjwa wa akili usiotibika, au kama mahakama inaona kuna mazingira ya kipekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Hapa Tanga hilo la kwanza na la pili tunaliona sana, mtu kaenda Mombasa kutafuta maisha, simu haipatikani mwaka wa nne huu, mke kakaa hajui ni mjane au ameolewa. Huyo asikae, njia ipo. Na ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 huwezi kuiombea talaka mpaka mahakama ikupe ruhusa kwanza, uonyeshe unapata mateso yasiyo ya kawaida.

Mambo ambayo mahakama inayaangalia kuona ndoa imevunjika ni kama uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa miaka 3 au zaidi, kuishi mbalimbali kwa hiari miaka 3, kifungo kirefu, na mengine. Nataka nikazie ukatili: sheria hiyohiyo ya 1971 inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzie. Ukipigwa usisubiri baraza, nenda polisi dawati la jinsia na watoto, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, katibiwe, na karatasi zote tunza, zitakuja kusema kwa niaba yako siku ambayo watu wote watakuwa wamekana.

Halafu kuna wasiofunga ndoa kabisa, na wako wengi. Mmekaa miaka 2 au zaidi kama mume na mke, mtaa mzima unawajua hivyo, sheria inachukulia kwamba mmeoana, kifungu cha 160, mpaka mwingine athibitishe kwamba sivyo. Na hata akithibitisha kwamba hamkuwa wanandoa, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama matunzo na kupewa watoto. Kwahiyo yule anayekwambia huna chako maana hukutolewa mahari, mwambie akae kimya kidogo.

Haya, mali. Shangazi alisema mali ya mume ni ya mume kwasababu ndivyo alivyolelewa, na nusu ya Tanga inaamini hivyo. Ile nusu nyingine, hasa vijana, wanaamini mkiachana ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Wote hapana. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa kwa jitihada za pamoja. Inaangalia mila za jamii yenu, inaangalia kila mmoja kachangia nini kwa fedha, mali au kazi, inaangalia madeni mliyoingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo, na baada ya kuyapima hayo ndo inaelekea kwenye usawa. Sikiliza hilo neno kazi. Zamani mahakimu wengi walikuwa wanasema mke wa nyumbani hajachangia kitu, kupika na kulea ni wajibu wake tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ikasema hapana, kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye kupatikana kwa mali ya familia. Kesi hiyo imekuwa ngao ya wanawake wa nchi hii mpaka leo. Ila ukweli wake wote usemwe: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu kwenye ile rufaa, mahakama iliona mume alishampa hela za biashara akazitapanya, na kwamba mwenendo wa mtu unaweza kupunguza mchango wake. Yani mlango ulifunguliwa na yeye mwenyewe hakupita, wamepita wengine.

Na mpaka leo mchango unathibitishwa kwa ushahidi, huendi mahakamani ukasema tu tulijenga wote. Risiti za saruji na mabati kama unazo, miamala ya simu ulivyokuwa unamtumia hela, daftari la kikundi chako cha vikoba siku uliyokopa ya kupaua, mkataba wa kununua kiwanja uliogongwa muhuri serikali ya mtaa, na kama huna karatasi yoyote basi watu: fundi aliyejenga, jirani aliyeona, mwenye duka la vifaa. Wengi wa mama zetu hawana risiti hata moja, walichangia kwa kuuza chapati na samaki wa kukaanga na hela ikaingia kwenye sukari na ada ili mshahara wa mume uende kwenye tofali. Huo nao ni mchango, useme hivyohivyo kwa mpangilio, mwaka gani ulikuwa unauza nini, ulikuwa unalipia nini nyumbani, na yeye hela yake ilikuwa inaenda wapi.

Nyumba au shamba alilokuwa nalo mtu kabla ya ndoa ni lake, ndoa haibadilishi umiliki. Lakini kama mwenzie ameliendeleza kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, au mmeliendeleza pamoja, linaingia kwenye hesabu. Mfano mtu ameoa ana shamba tupu Muheza, mke akaingia nae wakapanda michungwa wakaipalilia mpaka ikaanza kuzaa, huyo mke hawezi kuambiwa ulikuta ardhi yangu. Mali ikiwa na jina la mmoja sheria inaanza kwa kuchukulia ni yake, lakini hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi, ikiwa na majina mawili inaanza kwa kuchukulia sawa kwa sawa. Kwahiyo wewe ambaye ndoa yako iko salama kabisa leo na mnanunua kiwanja, wekeni majina yote mawili, sio kwa kutakiana mabaya.

Nyumba mnayoishi ina ulinzi wa peke yake. Mwanandoa hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzie hata kama hati ina jina lake peke yake, na ukianza kusikia harufu ya kuuzwa unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati kama ina hati, na kama haina peleka barua serikali ya mtaa wagonge muhuri waipokee, nao wasiwe mashahidi wa mauziano gizani. Dada yangu tulimfanyia hivyo kwenye shauri la pili, na ilisaidia maana mnunuzi alishaanza kuja kupima vyumba.

Wanaume nao wanadhulumiwa, nisifiche. Nimekaa na baba mmoja aliyekuwa kazini mbali, anatuma hela ya ujenzi kila mwezi, kurudi anakuta kiwanja kimeandikwa jina la shemeji. Mali ikiwa kwa jina la mtu mwingine mahakama haiwezi kuigawa hivihivi bila huyo mtu kusikilizwa, kesi inakuwa ndefu na ya kuchosha. Na madeni pia, ile mikopo ya riba kubwa ya kausha damu, kama ulikopa ukamlipia mtoto ada au kupaua nyumba sema, hilo ni deni la familia, kama ulikopa ukanywea hilo ni lako.

Sasa watoto, na hapa ndo shangazi alikosea kosa linaloniuma zaidi. Hakuna sheria inayosema mtoto akitimiza miaka 7 anachukuliwa na baba. Hakuna. Sheria ya Ndoa inasema mtoto aliye chini ya miaka 7 inachukuliwa ni vizuri akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kama mama hafai. Watu wakalipindua kama kanzu wakasema basi akizidi 7 ni wa baba. Akizidi miaka 7 hakuna anayeanza na faida, mahakama inaangalia kitu kimoja kikubwa, ustawi wa mtoto mwenyewe, na pembeni yake matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kujieleza, na mila. Inaangalia pia ubaya wa kumhamisha mtoto aliyeshazoea, shule yake, wenzie, chuo chake cha Kurani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasema hivyo, na inamhesabu mtoto mpaka miaka 18. Inasema pia wazazi wakitengana mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na yule mzazi mwingine. Soma hapo vizuri, haki ni ya mtoto. Kwahiyo mama anayemkatalia baba asimuone mtoto kwasababu hajatoa hela anamdhulumu mtoto, na baba anayemchukua mtoto usiku akampeleka Lushoto kwa bibi yake akazima na simu, anamdhulumu mtoto vilevile, na hakimu akija kulisikia hilo halimfurahishi hata kidogo.

Ndugu wa tumbo moja sio lazima wapelekwe sehemu moja, kila mtoto anaangaliwa kivyake. Na amri ya watoto sio ya milele, hali ikibadilika unarudi kuomba ibadilishwe. Mara nyingi mahakama inataka ripoti ya afisa ustawi wa jamii, anakuja nyumbani anaangalia mtoto analala wapi, nani anamuandaa asubuhi, shule iko umbali gani. Usimuogope, na usikodi makochi siku anayokuja.

Matunzo ya watoto ni wajibu wa baba, wakae kwake au wakae kwa mama, na mama anaingia pale baba amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Huna haja ya kusubiri talaka ili uyadai, unaanzia ustawi wa jamii halmashauri.

Hela ya wakili wengi hatuna, najua. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kwa sheria hiyo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanakupa msaada bure. Hawawezi kusimama mahakamani kama wakili ila watakuelekeza, watakusaidia kuandika, watakuunganisha na mawakili wa mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) ambayo yamefanya kazi hii miaka mingi. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo ilizunguka mikoani bure. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako nani yupo karibu. Jihadhari na vishoka wanaokaa chini ya mwembe nje ya mahakama na mkoba na mihuri mitatu, dada yangu kuna mmoja alimla hela ya ada ya mtoto kwa karatasi ambayo karani aliikataa. Shauri lenyewe unaweza kulifungua mahakama ya mwanzo, wilaya, hakimu mkazi au Mahakama Kuu, zote zina mamlaka, na watu wa kawaida wengi wanaanzia ya mwanzo kwasababu iko karibu na mambo yake ni mepesi kidogo. Ukipewa hukumu usiyoridhika nayo omba nakala siku ileile, muda wa rufaa unahesabiwa.

Mara ya pili dada alikwenda na hati sahihi ya baraza la kata, ina wiki tatu tu. Risiti alikuwa nazo mbili zimefifia. Aliyemuokoa ni fundi, mzee wa Majani Mapana, alikuja na kofia yake mkononi akamwambia hakimu mimi huyu mama ndo nilikuwa namuona, mume alikuwa kazini, yeye alikuwa analeta maji ndoo ishirini kabla ya saa mbili, anatupikia uji, na mara mbili saruji ilipoisha alienda kuuza kitenge chake akarudi na mfuko. Yule mwanaume aliinamisha kichwa, hakubisha. Dada akapewa asilimia 40 ya nyumba, ikathaminiwa, mume akachagua kumlipa kwa awamu ili isiuzwe. Mtoto wa kiume alikuwa ameshatimiza miaka 9, hakimu akaongea nae peke yake, akasema anataka akae na wadogo zake. Wote watatu wako Makorora sasa. Ijumaa baada ya alasiri baba yao anakuja na baiskeli anawachukua, mdogo mbele wakubwa wanamfuata kwa miguu wakikimbia, Jumapili kabla ya magharibi anawarudisha, na siku hizi anasimama mlangoni anaulizia hela ya daftari imetosha au aongeze.